Irabu Tano, Vitufe Vitano: Mwongozo wa Kubuni Njia ya Kuandika kwenye Kifaa Kisicho na Kibodi

Chukua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe ambayo Wakenya huiita kabambe au mulika mwizi. Zima utabiri wa maneno, kisha andika "sasa". Utabonyeza 7 mara nne, 2 mara moja, 7 mara nne tena, 2 mara moja: mibonyezo 10 kwa herufi 4. Kidole kikizidisha kidogo, s inapita, inatokea namba 7 yenyewe, na inabidi uzunguke upya kuanzia p. Sasa andika "xaxa", kama vijana walivyozoea kuandikiana: mibonyezo 6 tu. Andika "cjui" badala ya "sijui": 9 badala ya 13. Walimu wameulalamikia sana uandishi huo, na ni kweli mtindo wa ujana umechangia. Lakini hesabu ya vidole inaonyesha jambo jingine pia: watu walikuwa wanakirekebisha wenyewe kifaa ambacho hakikupangwa kwa lugha yao.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kukirekebisha kwa utaratibu. Pengine ni mwanafunzi wa elektroniki, pengine unaandika programu, au una ndugu ambaye mikono yake haifanyi kazi na unataka kumtengenezea kitu cha kuandikia. Kifaa chako kinaweza kuwa simu ya vitufe 12, rimoti ya televisheni, mashine ya malipo ya dukani au swichi moja tu. Nitakaa zaidi kwenye simu ya vitufe 12. Ukiielewa hiyo, vingine havitakusumbua.

Kwa nini vitufe vinatutesa

Herufi zilizochapwa kwenye vitufe vya simu hazikuwekwa ili mtu aandike. Ziliwekwa Marekani kwenye simu za kuzungusha, ili wateja wakumbuke majina ya vituo vya simu kwa herufi badala ya namba tupu. Simu za kubonyeza zilipoanza kuuzwa huko mwaka 1963, herufi zikahamia kwenye vitufe. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mpangilio uliokuwa wa kukumbukia namba ukageuka wa kuandikia, kwa lugha nyingi, bila mtu kuuliza.

Tazama irabu zetu zilivyoangukia: a mbonyezo 1, e miwili, i mitatu, o mitatu, u miwili. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo gharama hiyo unailipa silabi kwa silabi, ujumbe mzima. Kuna gharama ya pili isiyoonekana kwenye hesabu: kusubiri. Andika "habari". Herufi a, b na a nyingine zote ziko kwenye kitufe 2, kwa hiyo unasimama mara mbili kungoja kishale kisogee. Mwandishi mwenye haraka hangoji, na ndipo "habari" inapogeuka "h2ri" au kitu kingine kisichosomeka.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya hatua yoyote ni hili: buni kwa kuanzia kwenye silabi. Kiswahili kina irabu tano. Simu nyingi za vitufe zina kitufe cha kusogeza chenye pande nne na OK katikati, yaani sehemu tano za kubonyeza. Konsonanti zibaki kwenye namba, irabu zihamie kwenye hizo sehemu tano. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kulifanya wazo hilo litembee kwenye kifaa halisi.

> KISANDUKU: Waliotangulia
>
> *T9.* Kampuni ya Tegic ya Marekani, miaka ya 1990, iliamua kila herufi ibonyezwe mara moja tu, na kamusi ndani ya simu ikisie neno. Inafaa sana pale maneno ya lugha yanapohesabika na kuingia kwenye orodha.
>
> *Kana za Kijapani.* Kijapani nacho kina irabu tano. Kwenye simu za mguso, mtumiaji hugusa konsonanti kupata silabi ya a, au huivuta kushoto, juu, kulia au chini kupata i, u, e, o. Mamilioni huandika hivyo kila siku. Huyu ndiye jirani yetu wa karibu, kuliko Kiingereza.
>
> *Dasher.* David MacKay na David Ward wa Cambridge waliionyesha mwaka 2000. Herufi zinakuja zikielea na mtumiaji anazielekea tu, hata kwa macho. Herufi yenye nafasi kubwa ya kufuata huwa kubwa zaidi kwenye skrini.

Hatua ya 1: Uliza kama maandishi yanahitajika kabisa

Mbonyezo rahisi kuliko yote ni ule usiokuwepo. Mtu anayepiga *150*00# Tanzania kutuma pesa hamwandikii mtu barua. Anachagua 1, anaweka namba, anaweka kiasi. Menyu ya namba imewafikisha mbali watu ambao wasingeandika sentensi moja. Kwa hiyo pitia kila sehemu ya kifaa chako ujiulize: jibu hapa ni moja kati ya machache yanayojulikana? Basi weka orodha. Jibu ni namba? Basi vitufe viingie vyenyewe kwenye hali ya namba, mtumiaji asitafute jinsi ya kubadili. Na namba ikiwa ndefu, ionyeshwe kwa mafungu: tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, na mtu anayeiingiza gizani akiwa na tochi mdomoni anahitaji kuiona nne nne.

Maandishi yabaki pale tu mtu anapokuwa na la kusema ambalo hukulijua kabla.

Hatua ya 2: Watazame watu wakiandika

Kaa na watu watano au sita wanaotumia kifaa cha aina hiyo kila siku. Waombe waandike ujumbe wa kawaida: salamu, maelekezo ya njia, taarifa ya msiba. Wewe nyamaza. Andika tu unachokiona:

1. Anashika kwa mkono mmoja au miwili? Kidole gumba kipi?
2. Anatazama vitufe au skrini? Kwenye simu iliyotumika sana herufi zimefutika kwenye mpira wa vitufe, na mtu anaandika kwa kukumbuka mahali.
3. Anakosea herufi ipi mara nyingi, na anafuta vipi: herufi moja moja au anaanza neno upya?
4. Anafupisha maneno gani? Kila kifupisho ni ramani ya mahali panapouma.
5. Anaacha alama gani? Angalia hasa ritifaa ya ng'. Wengi huandika "ngombe" kwa sababu ritifaa imefichwa nyuma ya mibonyezo mingi ya kitufe 1.

Onyo. Usiombe kusoma ujumbe wa zamani wa watu, hata kama wamekubali kwa heshima. Ndani yake kuna siri za wengine ambao hawakuulizwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waombe waandike ujumbe wa kubuni mbele yako. Huo unatosha.

Hatua ya 3: Hesabu herufi

Unahitaji maandishi ya Kiswahili ili ujue herufi zipi zinatumika zaidi na zipi zinafuatana. Wikipedia ya Kiswahili iko wazi, na sentensi za Kiswahili za mradi wa Common Voice wa Mozilla zinaruhusiwa kutumiwa na yeyote. Kwa kazi ya utafiti ipo pia Korpasi ya Helsinki ya Kiswahili. Kosa la kawaida ni kutosheka na maandishi ya magazeti. Lugha ya gazeti ina "alisema" na "waziri" kila mahali, wakati lugha ya simu ina "uko wapi", "nimefika" na "nitumie". Changanya na zile jumbe za kubuni ulizokusanya.

Programu ya mistari michache itakuhesabia. Utaona a imeziacha mbali herufi zote. Utaona pia kwamba c haisimami peke yake kwenye maneno ya Kiswahili, daima iko na h, na kwamba q na x hazimo. Alfabeti ya Kiingereza ya herufi 26 inakupa kazi ya bure kwa herufi mbili na nusu.

Hatua ya 4: Chora ramani

Chukua herufi zilizochapwa kwenye vitufe, ondoa irabu, ondoa q na x. Zinabaki konsonanti 19 kwenye vitufe vinane, mbili au tatu kila kimoja. Hakuna kitufe chenye mibonyezo minne tena. Kisha, ndani ya vitufe vingi, tanguliza konsonanti inayotumika zaidi. Ramani inakuwa hivi:

- 2: b, ch
- 3: d, f
- 4: h, g, gh
- 5: k, l, j
- 6: m, n
- 7: s, r, p
- 8: t, v
- 9: w, y, z
- OK: a. Juu: e. Kulia: i. Chini: o. Kushoto: u
- 0: nafasi. 1: ritifaa kwanza, kisha nukta na alama nyingine

Irabu zinaanzia katikati na kuzunguka kufuata saa, a e i o u, kama zinavyoimbwa darasa la kwanza. Ungeweza kuzipanga kwa wingi wa matumizi, lakini hapa kila irabu ni mbonyezo mmoja, kwa hiyo faida iko kwenye kukumbuka.

Kwa nini nisihamishe pia konsonanti kutoka kitufe kimoja hadi kingine, nizipange vizuri zaidi? Kwa sababu jicho la mtumiaji bado linasoma yaliyochapwa. Kubadili zamu ya k na j ndani ya kitufe 5 ni jambo la kuzoea kwa siku chache, lakini kuihamisha k kwenda kitufe 3 ni kumfanya mtu mzima ajione hajui kusoma. Ukitengeneza kifaa chako mwenyewe na kuchapa vitufe upya, hapo una uhuru. Kwenye kifaa cha watu, heshimu kilichochapwa.

Kosa ambalo lazima uliepuke hapa: kwenye simu nyingi OK hutuma au hufungua kitu, na mishale husogeza kishale. Ukiacha kazi hizo zibaki huku umeipa OK irabu a, mtu atatuma ujumbe akiwa katikati ya neno "nakuja". Mtu akiwa anaandika, sehemu tano ziwe za irabu tu. Kutuma kuhamie kwenye kitufe cha juu kushoto, na kusogeza kishale kufanywe kwa kushikilia * huku ukibonyeza mishale.

Hatua ya 5: Hesabu mibonyezo kabla ya kujenga chochote

Scott MacKenzie wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, alipendekeza mwaka 2002 kipimo rahisi: gawanya mibonyezo yote kwa idadi ya herufi zote, nafasi zikiwemo. Kwa Kiingereza, njia ya kubonyeza mara nyingi ilimpa kama 2.03. Tufanye yetu kwa kalamu, kwa sentensi "nitakuja kesho asubuhi", yenye herufi na nafasi 22:

| | nitakuja | kesho | asubuhi | nafasi | jumla | kwa herufi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Njia ya zamani | 13 | 13 | 16 | 2 | 44 | 2.00 |
| Irabu pembeni, konsonanti kwa zamu ya zamani | 10 | 9 | 10 | 2 | 31 | 1.41 |
| Irabu pembeni, konsonanti kwa zamu mpya | 11 | 5 | 7 | 2 | 25 | 1.14 |

Angalia safu wima ya neno la kwanza kwa makini: "nitakuja" imepanda kutoka 10 hadi 11, kwa sababu j imesogezwa nyuma. Kila upangaji una anayeumia, na ndiyo maana unapima kwa maelfu ya sentensi badala ya moja. Angalia pia neno "mama": mibonyezo 4 kwa njia zote.

Usidanganyike na jedwali peke yake, hata hivyo. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu unaongezeka kadiri kilivyo mbali na kadiri kilivyo kidogo. Kidole gumba kinachoshuka kwenye 9 na kupanda hadi OK kwa kila silabi kinatembea zaidi kuliko kile kinachobonyeza 2 mara tatu palepale. Kwa anayeandika kwa vidole gumba viwili, kimoja juu na kimoja chini, njia hii inatiririka. Kwa wa mkono mmoja faida inapungua. Utalijua hilo kwenye Hatua ya 9, si hapa.

Hatua ya 6: Ziba mianya ya silabi

Kiswahili hakifuati konsonanti na irabu kwa usafi kama tunavyopenda kusema. Pitia mambo haya moja moja.

1. *Konsonanti bila irabu.* Mtu, mbwa, nchi, kwetu. Usiilazimishe irabu. Akibonyeza konsonanti nyingine, ile ya kwanza ikubalike ilivyo.
2. *Konsonanti mbili za kitufe kimoja.* Mnyama, mnazi, mnunuzi: m na n zote ziko kwenye 6. Kubonyeza * kwa ufupi kumaanishe "herufi imekwisha", mtu asingoje. Kungoja kuwepo pia, kwa asiyejua.
3. *Ch.* Kwa kuwa c haiko peke yake, kitufe kitoe ch moja kwa moja. Lakini vifupisho kama CCM na CRDB vipo! Akiwa kwenye herufi kubwa zote, c ibaki c.
4. *Gh.* G na h zinakaa kitufe kimoja, kwa hiyo lugha na ghali zingekuwa na usumbufu. Ndiyo maana gh imepewa zamu yake kwenye 4.
5. *Irabu mbili.* Kaa, kuoa, uamuzi. Irabu haibadiliki kwa kurudiwa, kwa hiyo OK mara mbili ni aa. Hakuna cha kungoja.
6. *Maneno ya kigeni.* Watu wanachanganya Kiingereza, Sheng, majina ya Kiarabu na ya Kifaransa. Weka hali ya herufi zote 26 kwa kubonyeza # mara moja, na alama ndogo kwenye skrini inayoonyesha uko hali gani.

> KISANDUKU: Ritifaa inayokula ujumbe
>
> Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye orodha ya herufi hizo. Ritifaa iliyopinda (’) haimo, na ikiingia hata moja tu, ujumbe wote hubadilishwa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Mtu ameandika "ng’ombe" kwa adabu zote za sarufi, akatozwa ujumbe wa pili. Kwenye kifaa chako toa ritifaa iliyonyooka, na usiruhusu programu yoyote kuipamba.

Hatua ya 7: Utabiri, kwa tahadhari

Sasa utatamani kufuta mibonyezo ya marudio kabisa na kuacha kamusi ikisie, kama T9. Kabla hujafanya hivyo, bonyeza namba hizi:

- 6464: mimi, nini
- 9393: wewe, yeye
- 5852: kula, kuja
- 5252: kaka, lala
- 5262: jana, kama
- 92648: wangu, yangu, zangu
- 8862: tuma, tuna

Rudi kwenye mstari wa mwisho. "Tuma pesa" na "tuna pesa" ni mfuatano uleule wa vitufe. Na tazama kilichotokea kwenye 9: w, y na z, konsonanti tatu zinazobeba upatanisho wa ngeli, zimerundikwa pamoja, hata "wa", "ya" na "za" hazitofautiani. Kuhamisha irabu hakuondoi migongano hii, kwa kuwa yote ni ya konsonanti.

Hapa sarufi inakuokoa. Neno lililotangulia linajua jibu. Baada ya "mtoto" inafuata wangu, baada ya "pesa" inafuata zangu. Ukiwa na orodha ya nomino za kila siku na ngeli zake, kifaa kitachagua vizuri kuliko kinachohesabu tu neno lipi linatumika zaidi. Hili ni jambo ambalo watengenezaji wa ng'ambo hawatakufanyia, na halihitaji kompyuta kubwa.

Tatizo la pili ni vitenzi. Chukua mzizi mmoja, -pig-. Viambishi vya watu sita, nyakati nne (na, li, ta, me), na nafasi ya mtendwa ikiwa tupu au na ni, ku, m, tu, wa: 6 × 4 × 6 ni 144. Toa yasiyo na maana, bado yanazidi 100, na hujagusa pigia, pigwa, pigana, wala ngeli za vitu, wala ukanushi. Kamusi ya maneno mazima haitaliona "nitakupigia" hata ukiijaza kumbukumbu yote ya kifaa. Hifadhi vipande: viambishi kwa mpangilio wake, mizizi, na viishio, pamoja na kanuni za kipi kinaweza kufuata kipi. Vipande mia chache na mizizi elfu kadhaa vinaingia kwenye kifaa cha bei ndogo kabisa.

Ushauri wangu: toleo la kwanza lisiwe na ukisiaji wa herufi. Konsonanti ziandikwe kwa zamu, mtumiaji apate hasa alichobonyeza, na kifaa kipendekeze tu mwisho wa neno. Pendekezo likataliwe kwa kutolijali.

Maonyo matatu yasiyo na mjadala:

- Usibadilishe neno ambalo mtu ameshaliandika bila yeye kukubali, hasa kwenye ujumbe wenye kiasi cha pesa, dawa au jina la mtu.
- Kwenye sehemu ya namba ya siri, utabiri uzimwe na kisihifadhiwe chochote.
- Maneno ambayo kifaa kimejifunza kutoka kwa mtumiaji yabaki ndani ya kifaa, na yawe na njia rahisi ya kufutwa. Simu nyingi huazimana nyumbani.

Hatua ya 8: Jenga mfano wa kujaribia

Anza na karatasi. Chora vitufe kwa ukubwa wake halisi, mwambie mwenzako "abonyeze" huku wewe ukiandika anachopata. Makosa mengi ya Hatua ya 4 yatajitokeza mezani kabla hujaandika mstari mmoja wa programu.

Kisha una njia mbili. Ya kwanza ni simu ya Android, ambayo humruhusu mtengenezaji yeyote kuweka kibodi yake. Chora vitufe 12 na vitano kwenye skrini. Ni haraka, ila kioo hakina mguso wa vitufe, kwa hiyo usiamini vipimo vya kasi vya hapo. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni bodi ya Arduino, kibao cha vitufe 12 na vitufe vitano vya kawaida vilivyopangwa kama msalaba. Vinapatikana kwenye maduka ya elektroniki, na mtu anahisi kitufe kikishuka.

Ukitumia vitufe vya namba vya kompyuta badala yake, kumbuka vimepinduliwa: kwenye kompyuta 7, 8, 9 ziko juu, kwenye simu 1, 2, 3 ndizo za juu. Usipozibadilisha, utapima kuchanganyikiwa kwa watu, si njia yako.

Fahamu pia mpaka wa kazi yako. Kitochi kilichokwisha kuuzwa kimefungwa na mtengenezaji, huwezi kuingiza njia mpya ndani yake. Njia yako itaishi kwenye kifaa unachokitengeneza, kwenye Android, kwenye king'amuzi ambacho programu yake uko nayo, au kwenye simu mpya kama kampuni itakubali kuichukua. Takwimu za hatua inayofuata ndizo utakazowaonyesha.

Hatua ya 9: Pima na watu

1. Tafuta watu wanane hadi kumi na wawili, wa umri tofauti. Wanafunzi wa kompyuta wasizidi wawili.
2. Andaa sentensi fupi za kila siku, zisizo na namba wala majina magumu. Kila mtu azisome, akariri, kisha aandike.
3. Kila mtu ajaribu njia zote mbili, ya zamani na yako. Nusu waanze na hii, nusu na ile.
4. Rekodi muda, mibonyezo yote, kufuta, na makosa yaliyobaki.
5. Rudia siku nyingine. Ni lazima.

Siku ya kwanza njia yako itashindwa. Mtu aliyeandika kwa njia ya zamani miaka kumi hawezi kuishinda kwa dakika kumi za njia mpya. Unachotafuta ni mstari unaopanda: siku ya tatu yuko wapi, siku ya tano yuko wapi, na je mistari miwili inaelekea kukutana? Kama baada ya siku kadhaa bado njia yako iko chini na haipandi, iache au irekebishe.

Kuhusu kipimo cha kasi: kimataifa "neno" ni herufi 5, nafasi ikiwemo. Ukihesabu maneno halisi ya Kiswahili utaonekana mzembe, kwa sababu "nitakupigia" ni neno moja lenye herufi 11. Toa herufi kwa dakika, kisha gawanya kwa 5 kwa wanaotaka kulinganisha.

Kwenye rimoti

Televisheni nyingi huonyesha herufi kwa safu na kukutembeza kwa mishale. Kwenye safu za herufi sita sita kwa mpangilio wa alfabeti, ukianzia a, neno "kuku" linahitaji mibonyezo 21, OK zikiwemo. Tumia silabi: tembea hadi k, bonyeza OK, na hapohapo mishale na OK zigeuke irabu. Kishale kinabaki juu ya k, kwa hiyo ku ya pili ni mibonyezo miwili tu. Jumla 9. Kitufe cha kurudi nyuma kimaanishe "konsonanti hii haina irabu", kwa ajili ya mtu na mbwa.

Kwa mwenye swichi moja

Hapa ndipo silabi inapomsaidia mtu kuliko mahali pengine popote, na ndipo ningependa uweke nguvu zako kama una nafasi. Stephen Hawking aliandika kwa msuli wa shavu uliosomwa na kihisi kilichofungwa kwenye miwani yake. Skrini humulika chaguo moja baada ya jingine, mtu hubonyeza linapofika analolitaka.

1. Mulika mafungu manane ya konsonanti, na fungu moja la irabu tupu mwanzoni.
2. Likichaguliwa fungu, mulika konsonanti zake.
3. Ikichaguliwa konsonanti, mulika a, i, u, e, o kwa mpangilio huo. Hapa wingi wa matumizi ndio unaotawala, kwa sababu kila hatua ni muda wa mtu. Chaguo la sita liwe "bila irabu".
4. Anza kwa mwendo wa sekunde moja na nusu kwa kila chaguo, na mpe yeye mwenyewe uwezo wa kuupunguza. Msaidizi asiuamue.
5. Weka "futa silabi" kama chaguo la kudumu, na sauti inayotamka silabi iliyochaguliwa.
6. Tenga mbonyezo mrefu, sekunde tatu za kushikilia, uwe kengele ya kumwita mtu. Iwekwe kabla ya herufi ya kwanza.

> ORODHA YA KUKAGUA kabla ya kumpa mtu kifaa
>
> ☐ Sehemu za namba zinafungukia hali ya namba zenyewe
> ☐ OK haitumi ujumbe wakati wa kuandika
> ☐ mnyama, ng'ombe, lugha, nchi, kuoa na CCM zinaandikika bila kungoja
> ☐ Ritifaa ni iliyonyooka
> ☐ "tuma" haigeuki "tuna" bila ruhusa
> ☐ Utabiri umezimwa kwenye namba ya siri
> ☐ Skrini inasomeka juani
> ☐ Asiyeona anasikia kila herufi ikitamkwa, na kitufe 5 kina kinundu
> ☐ Njia ya zamani bado ipo, na mtu anaweza kuirudia kwa mbonyezo mmoja